UZI: Ryad, pale kambi ya Kisovyeti iliponakili IBM 360. Nini kilinakiliwa hasa, na nini kiligoma?

#1 Rejista16

Wakuu,

Kila zikitajwa kompyuta kuu za Kisovyeti, hakosi mtu wa kusema "hizo ni IBM za wizi, zilifunguliwa kwa bisibisi zikachongwa upya." Maneno matamu kijiweni, lakini ukiyashika kiufundi yanameguka mkononi. Tuuweke sawa uzi huu, mwenye nyama aongeze.

Familia yenyewe ni ES EVM, kwa jina la mtaani Ryad. Ili uelewe walinakili nini, lazima ujue IBM iliuza nini. Tarehe 7 Aprili 1964 IBM ilitangaza System/360. Kabla ya hapo karibu kila modeli ilikuwa na lugha yake ya mashine. Ukihamia kompyuta kubwa zaidi, programu zako unaziandika upya. 360 ilikuja na mkataba mmoja kwa modeli zote: rejista 16 (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) za biti 32, baiti ya biti 8, anwani za biti 24 (yaani baiti 16,777,216 na si zaidi), amri zenye urefu wa baiti 2, 4 au 6. Modeli 30 ya chini na Modeli 75 ya juu zilisoma programu ileile, ingawa ukifungua makabati yake hazifanani hata waya.

Mkataba huo uliandikwa kwenye kitabu cha IBM namba A22-6821. Kitabu hicho hakikuwa siri. Kilichapwa, kikauzwa, wateja wakagawiwa. Kila amri imeelezwa inafanya nini, hitilafu ipi inatokea lini, biti ipi inageuka. Mhandisi aliyekaa Minsk au Yerevan na kitabu hicho mezani alikuwa na kila kitu cha kumwezesha kubuni mashine inayotii mkataba, bila kuigusa IBM hata kwa kidole. Jasusi wa nini hapo?

Kwa hiyo kilichonakiliwa kwanza ni tabia ya mashine, chuma kikafuata baadaye. Na sababu haikuwa uvivu wa kubuni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 Umoja wa Kisovyeti ulikuwa na Minsk-32 ya neno la biti 37, BESM-6 ya biti 48, Ural, M-220 na nyinginezo, zote hazisikilizani. Kila kituo kiliandika programu zake chenyewe. Walichokuwa wanakitaka ni lile ghala la programu za 360 lililokwisha kuandikwa na wengine.

Uamuzi ulipitishwa Desemba 1969 chini ya Waziri wa Viwanda vya Redio, Valery Kalmykov. Mwezi huohuo ukasainiwa mkataba wa nchi sita: Umoja wa Kisovyeti, Bulgaria, Hungaria, Ujerumani Mashariki, Polandi na Chekoslovakia. Kuba na Romania ziliingia baadaye. Uratibu ulikaa kwenye kituo cha NICEVT, Moscow. Sergei Lebedev, baba wa BESM, alipinga waziwazi njia ya kunakili.

Mgao wa awali kwa ufupi: ES-1020 Minsk (na Bulgaria), ES-1030 ilibuniwa Yerevan, ES-1040 Robotron ya Ujerumani Mashariki, ES-1050 Moscow. ES-1010 ya Hungaria ilitoka kwenye leseni ya kampuni ya Kifaransa CII na haikuoana na wenzake, na ES-1021 ya Chekoslovakia ilioana nusunusu. Zilionyeshwa hadharani Moscow mwaka 1973.

#2 KadiTobo

Mkuu umeanza vizuri. Swali: kama chuma hakikunakiliwa, mbona chipu zao zina namba na miguu sawa na za Texas Instruments?

#3 Mpiga Lehemu

@KadiTobo hapo tutenganishe ngazi mbili. Kompyuta haikunakiliwa chuma kwa chuma. Chipu zilinakiliwa, tena sana.

IBM 360 yenyewe haikutumia saketi unganishi kama tunazozijua. Ilitumia SLT: kigae cha kauri cha nusu inchi, juu yake transista na diodi mojamoja, na vipingamizi vilivyochapwa. Ryad za kwanza zilitumia mfululizo wa 155, ambao ni mwigo wa familia ya 7400 ya Texas Instruments: volti 5, takriban nanosekunde 10 kwa geti moja (saketi ndogo ya mantiki), takriban miliwati 10. Mantiki ya umeme ni tofauti kabisa na SLT, kwa hiyo mchoro wa ubao wa IBM usingewasaidia lolote. Ilibidi wabuni upya kila kitu kuanzia kijumlishi hadi ugavi wa umeme. Mashine kubwa za kizazi cha pili kama ES-1060 zikaenda mfululizo wa K500, mwigo wa MECL 10K ya Motorola: nanosekunde 2, miliwati 25 kwa geti, volti hasi 5.2. Zidisha miliwati 25 kwa makumi ya maelfu ya mageti uone kwa nini nusu ya kazi ilikuwa feni na ubaridi.

Chipu inavyonakiliwa sasa:

Unayeyusha plastiki kwa asidi ya nitriki kali (ya kauri unaikata kifuniko). Unapiga picha chini ya hadubini, vipande vipande, na kuviunga viwe ramani moja. Unaondoa tabaka la alumini, unapiga tena. Unaondoa oksidi kwa asidi ya floridi, unapaka kemikali inayobadilisha rangi ya silikoni kulingana na uchafuzi wake, unapiga tena. Kisha unafuatilia kila njia na kuchora saketi. Kwa chipu ya mageti manne hiyo ni kazi ndogo. Kwa chipu ya maelfu ya transista ni kazi ya timu nzima.

Ila picha haikuambii mambo matatu: oksidi ilikuzwa kwa nyuzi ngapi, fosforasi ilipenyezwa kina gani, na chumba kilikuwa safi kiasi gani. Hilo la tatu ndilo liliwaua. Chukua hesabu nyepesi ya mavuno: asilimia ya chipu nzima ni e iliyopandishwa kwa hasi (eneo mara kasoro kwa eneo). Chipu ya sentimita mraba 0.1, kasoro 5 kwa kila sentimita mraba: unapata 61% nzima. Mchoro uleule, kasoro 20: unabaki na 13.5%. Mask (kiolezo cha kuchapia chipu) ni ileile, tofauti ni vumbi tu. Halafu kiwanda chenye mgao wa kutimiza kinaanza kulegeza vipimo, na chipu za pembeni ya uvumilivu zinaingia kwenye mashine. Zinafanya kazi asubuhi. Ukumbi ukipata joto mchana zinaanza kukosea.

Na sasa kile kituko cha milimita. Nafasi kati ya mguu na mguu kwa Wamarekani ni inchi 0.1, yaani mm 2.54. Wasovyeti, kwa kiwango chao cha metriki, wakaweka mm 2.5. Tofauti ya mm 0.04 unaiona si kitu. Piga hesabu kwa upande mmoja wa chipu:

miguu 14 → nafasi 6 → mm 0.24
miguu 24 → nafasi 11 → mm 0.44
miguu 40 → nafasi 19 → mm 0.76

Ya miguu 14 unaisukuma inaingia. Ya 40 haiingii kwenye soketi ya Kimarekani mpaka uipinde miguu, na ukiipinda, muhuri wa mguu na mwili unapata ufa, unyevu unaingia, miezi michache imekufa. Maana yake huwezi kuchomeka chipu ya magendo kwenye ubao wa nyumbani, wala chipu ya nyumbani kwenye mashine ya magendo. Kikwazo hicho walijiwekea wenyewe, hakikutoka kwa CoCom kule Paris, ule umoja wa Magharibi wa kuzuia teknolojia isiuzwe kambi ya Kisovyeti.

#4 KadiTobo

Duh. Hiyo ya mm 0.76 sikuijua. Nimeelewa kwa nini hawakuweza kuchanganya vipuri.

#5 Chaneli Sifuri

Mmeongea kichwa cha mashine, mmesahau tumbo. Kompyuta kuu bila diski, tepu na printa ni kabati la joto tu. Na kwenye vifaa hivi vya pembeni ndiko Ryad ilikosifika na ndiko ilikolaaniwa.

Sifa kwanza. IBM ilichapisha pia maelezo ya kiolesura kati ya chaneli (sehemu ya mashine inayopitisha data kwenda na kutoka kwenye vifaa) na vidhibiti vya vifaa. Kebo mbili nene: moja ya data, moja ya ishara. Upande wa kutoka waya 9 (biti 8 na moja ya ulinganifu, idadi witiri), upande wa kuingia waya 9 vilevile. Mazungumzo ni ya kupokezana: kidhibiti kinapandisha ishara "nina baiti", chaneli inapandisha "nimepokea", cha kwanza kinashusha, wa pili anashusha. Hakuna saa ya pamoja. Kwa hiyo kidhibiti cha Bulgaria chenye saketi za polepole kiliweza kuunganishwa na prosesa ya Robotron yenye kasi, wakasubiriana bila kugombana. Bila kiolesura cha namna hii ule mgawanyo wa kazi nchi kwa nchi usingewezekana. Bulgaria ilijikita kwenye diski na tepu, kiwanda cha Stara Zagora kikawa mji wa diski.

Masharti ya kebo: vidhibiti visizidi 8 kwa chaneli moja, urefu usizidi takriban mita 61, na mwisho wa mnyororo kikomesho cha omu 95 kwa kila waya. Ukisahau kikomesho, mawimbi yanarudi nyuma na unapata makosa ya ulinganifu yasiyo na mpangilio.

Kuna waya mmoja wa kuogopa: ule wa uteuzi. Haupiti sambamba kama wengine. Unaingia kwa kidhibiti cha kwanza; kama hakihusiki, kinaupitisha kwa cha pili, na kuendelea. Sasa fikiria kidhibiti cha kati kimezimwa umeme. Saketi yake haina uhai wa kupitisha ishara, mnyororo unakatika, vifaa vyote vya nyuma yake vinatoweka. Dawa ni rilei inayojifunga yenyewe umeme ukiondoka na kuuruka ule waya. Rilei ikishika kutu, fundi anazima tepu ili asafishe kichwa chake, na diski za chaneli nzima zinapotea. Fundi mgeni atatafuta kosa kwenye diski siku nzima.

Tuje kwenye diski. ES-5052 ilifuata IBM 2311: MB 7.25, nyuso 10, silinda 200 za kazi (nafasi za kusimama kichwa), baiti 3,625 kwa wimbo (duara moja la data), mizunguko 2,400 kwa dakika, KB 156 kwa sekunde. ES-5061 ilifuata 2314: MB 29, nyuso 20, baiti 7,294 kwa wimbo, KB 312 kwa sekunde. Kichwa kinaelea juu ya sahani kwa mikroni 3 hivi kwenye 2311, na 2 na kidogo kwenye 2314. Unywele wa mtu una makumi ya mikroni. Chujio la hewa likiwa duni, kichwa kinagonga. Na fundi akihamisha pakiti iliyogongwa kwenda kiendeshi kingine "kujaribu kama itasoma", anaua kichwa cha pili. Kisha anachukua pakiti nzima kwenye kiendeshi kilichoumia, naye anaiua pakiti. Ugonjwa unaambukiza ukumbi mzima. Kanuni: ukisikia mkwaruzo, usihamishe chochote.

Lakini tatizo lililowasumbua wabunifu ni la muda. Diski hizi hazina sekta. Kila rekodi ina sehemu ya utambulisho, pengo, kisha data. Chaneli inapewa mnyororo wa amri za baiti 8 kila moja:

07 nenda kwenye silinda
31 linganisha utambulisho
08 rudi amri moja nyuma
06 soma data

Utambulisho usipofanana, 08 inairudisha kwenye 31. Ukifanana, kidhibiti kinainua biti maalumu na chaneli inairuka 08, inaangukia 06. Yote hayo yafanyike pengo linapopita chini ya kichwa! Kwa KB 156 kwa sekunde, baiti moja ni mikrosekunde 6.4, kwa KB 312 ni 3.2. Kwenye mashine ndogo chaneli haikuwa kifaa cha pekee, ilikuwa ni prosesa ileile ikiazimwa muda wake. Ikichelewa kuchota amri ya 06, data imeshapita, mzunguko mzima wa milisekunde 25 umekwenda. Programu haifi, inarudia. Ila kazi ya dakika 10 inakuwa ya dakika 25 na hakuna taarifa ya kosa popote isipokuwa kwenye rejista ya takwimu za marudio. Ukiwa umenakili amri zote kwa usahihi lakini hukunakili muda, utapata mashine sahihi iliyo goigoi.

#6 MamaTepu

Chaneli Sifuri umemaliza. Mimi naongeza upande wa programu, maana Rejista16 amesema ndio ulikuwa mnofu wenyewe.

Mpaka Juni 1969 IBM haikutoza programu zake mbali na mashine. Ukikodi mashine unapewa na programu, na msimbo chanzo wa mfumo endeshi uligawiwa wateja. Tarehe 23 Juni 1969 ikatangaza kutenganisha bei, lakini mifumo endeshi ya OS/360 na DOS/360 yenyewe ilibaki bila malipo. Tepu moja ya nyimbo 9, urefu wa futi 2,400, inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Hapo ndipo CoCom ilipokuwa dhaifu: unaweza kuzuia kabati la kilo 1,000 bandarini, tepu huwezi.

DOS/360 ikawa DOS ES, OS/360 ikawa OS ES, na baadaye VM/370 ikawa SVM. Kazi haikuwa kubandika jina tu.

Kwanza herufi. Msimbo wa herufi wa IBM, kwa heksi (tarakimu za msingi 16), una mapengo: A hadi I ni C1 hadi C9, J hadi R ni D1 hadi D9, S hadi Z ni E2 hadi E9. Wasovyeti wakajaza nafasi tupu kwa Kisirili, wakaita DKOI. Kero yake: herufi kama А, В, С, Е, Н, К, М, О, Р, Т na Х zina sura moja kwenye Kisirili na Kilatini. Mwandishi wa kadi akiacha kitufe upande wa Kisirili, kadi inachapwa jina COMMA lenye O ya Kirusi katikati. Kwenye karatasi ya printa halina kasoro. Kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwenda lugha ya mashine) inalikataa, mtu anakodoa macho saa nzima. Dawa ni moja: usisome karatasi, chapisha kadi kwa heksi. Kama O si D6, umemkamata.

Pili, taarifa za makosa ya vifaa. Diski ikikosea, mfumo endeshi huuliza kidhibiti "kulikoni?" na kupewa baiti za hali. Taratibu za kujirekebisha ndani ya OS zimeandikwa kwa baiti za 2311 halisi. Kidhibiti kikitoa biti tofauti kidogo, mfumo unaliona kosa la muda kama la kudumu na kuua kazi, au unaliona la kudumu kama la muda na kurudia bila mwisho. Kuoana kwa amri ni rahisi kupima. Kuoana kwa makosa hakuna anayekupima nako mpaka siku ya kosa.

Tatu, viraka. IBM ilitoa marekebisho mara kwa mara, mengi kwa kiraka cha heksi kupitia IMASPZAP. Unaandika hivi: VER, mahali fulani, thamani inayotarajiwa, kisha REP, mahali hapohapo, thamani mpya. VER isipolingana, kiraka kinakataliwa. Sasa wewe umeshaingiza taratibu zako za vifaa vya Bulgaria na kukompaili upya. Kila kitu kimesogea baiti kadhaa. Kiraka cha IBM kinakataliwa, na huna wa kumpigia simu. Una njia mbili: tafuta mwenyewe kiraka kinaangukia wapi kwenye orodha yako, au anza upya na toleo jipya kisha urudishe mabadiliko yako yote. Zote mbili zinakula watu. Watu hao ndio wangekuwa wanaandika mfumo wao wenyewe, kama wasemavyo walalamikaji wa uamuzi wa 1969.

#7 Nukta Elea

Sisi wa hesabu za kisayansi tuna malalamiko yetu na hayasemwi vya kutosha.

Namba ya nukta elea (yenye sehemu ya desimali) ya 360 ina kipeo cha msingi 16. Fupi ina biti 24 za sehemu kuu, lakini tarakimu ya kwanza ya heksi yaweza kuwa 0001, biti tatu za mbele ni sifuri, unabaki na 21 za uhakika. Hiyo ni tarakimu sita za desimali. Tena mashine inakata mkia, haizungushi. Ukijumlisha maelfu ya namba chanya, kosa lote linaegemea upande mmoja.

BESM-6 ilikuwa na biti 40 za sehemu kuu kwa neno la kawaida, tarakimu 12 za desimali. Mtu wa fizikia akihamisha programu yake ya Fortran kutoka BESM-6 kwenda Ryad bila kugusa kitu, matokeo yanatawanyika. Inabidi kila REAL iwe REAL*8, yaani namba ya baiti 8. Matriki ya 100 kwa 100 ilikuwa maneno 10,000. Sasa ni baiti 80,000. Kwenye ES-1020 yenye kumbukumbu ya KB 64 haiingii kabisa, na kwenye ya KB 256 inagombea nafasi na mfumo endeshi.

Na kwa kasi? BESM-6 ilianza 1967 ikiwa na takriban operesheni milioni moja kwa sekunde. ES-1020 ya miaka ya 1970 ilikuwa makumi machache ya maelfu tu, ES-1050 nusu milioni. Ndiyo maana vituo vya sayansi viliing'ang'ania BESM-6, na kiwanda kikaendelea kuitengeneza hadi miaka ya 1980. Ryad ilikuwa mashine ya mishahara, ghala na mipango.

#8 Bin Kokotoo

Nataka kupinga kidogo hili la "kosa la 1969". Watu wanasahau kulikuwa na njia ya tatu. Bashir Rameev, mbunifu wa kompyuta za Ural, alitaka waende na ICL ya Uingereza, System 4. ICL walikuwa tayari kukaa mezani.

Lakini System 4 ni nini? Ni uzao wa RCA Spectra 70 ya Marekani, iliyotangazwa Desemba 1964. Na Spectra 70 ni nini? Ni mwigo wa 360! Amri za kawaida zilezile. RCA walibadilisha tu upande wa usimamizi, wakaipa prosesa hali nne zenye rejista zake ili kukatiza kazi kuwe kwepesi. Siemens nao wakauza Spectra hiyohiyo kwa jina la 4004. Kwa hiyo miaka miwili baada ya 1964 Magharibi kwenyewe kulikuwa na wanakili wa IBM, na hakuna aliyewaita wezi, kwa sababu mkataba wa amri uliochapishwa ulikuwa wa yeyote.

Mstari wa halali na haramu tuuone Japani. Hitachi kuuza mashine inayooana na IBM ilikuwa biashara ya kawaida. Juni 1982 FBI iliwanasa watu wa Hitachi na Mitsubishi kwa kutafuta nyaraka za ndani za IBM. Kunakili tabia: ruhusa. Kununua nyaraka za siri: mahakamani.

Naungana na walioamua 1969 kwa jambo moja: kwa uchumi wa nchi sita usio na kampuni ya programu hata moja, ghala la OS/360 lilikuwa dhahabu. Ninapowalaumu ni kwenye kalenda. IBM ilitangaza System/370 Juni 1970, na kumbukumbu pepe Agosti 1972. Ryad ya kwanza ilipopigiwa makofi Moscow 1973, iliyoigwa ilikuwa imeshapitwa na mrithi wake. Ukiamua kumfuata mtu, huwezi kumpita. Unachoweza kupanga ni umbali tu.

Na waliofanya vizuri ni wale waliokataa kunakili mwigo. Kiwanda cha Elwro cha Wrocław, Polandi, walipewa ES-1030 ya Yerevan, wakaibuni upya ikawa ES-1032, ndogo zaidi na tulivu zaidi. Mkataba uleule wa amri, uhandisi wao.

#9 Rejista16

@Bin Kokotoo hoja ya kalenda naikubali, ya Elwro pia. Sasa tumalizie vikwazo vyenyewe, maana watu wanadhani CoCom ilikuwa ukuta.

CoCom ilianza 1949, makao Paris, ikavunjwa 31 Machi 1994. Haikuwa sheria ya kimataifa. Ilikuwa mapatano ya nchi wanachama kuoanisha orodha zao za vizuizi, na kila nchi kutekeleza kwa sheria zake. Kwa kompyuta walitumia kipimo kimoja cha msingi: kiwango cha uchakataji wa data kwa megabiti kwa sekunde. Chini ya mstari, unauza. Juu yake, unaomba kibali cha pekee, na mwanachama mmoja akikataa, basi.

Vibali vilitoka. Kiwanda cha malori cha Kama, Umoja wa Kisovyeti, kilipata IBM 370/158 katikati ya miaka ya 1970. Julai 1978 Rais Carter akazuia kompyuta ya Sperry Univac iliyokuwa iende shirika la habari TASS. Baada ya Wasovyeti kuingia Afghanistan, Januari 1980 Marekani ikafunga hata vipuri vya kompyuta za Kama. Hapo somo ni la fundi: mashine halali isiyo na vipuri ni sawa na ya magendo. Kompyuta kuu ya enzi hiyo iliishi kwa mkataba wa matengenezo, fundi wa kampuni na kabati la bodi za akiba. Ya magendo haina hata kimoja. Kwa hiyo mara nyingi thamani yake ilikuwa kupekuliwa au kutumika kama kipimo: unaendesha programu moja kwenye asilia na kwenye mwigo, unalinganisha chapisho la kumbukumbu baiti kwa baiti.

Njia za magendo zilipita mbali. Novemba 1983 vyombo vya forodha vya Ujerumani Magharibi na Uswidi vilikamata, Hamburg na Helsingborg, makontena ya kompyuta ya VAX-11/782 ya kampuni ya Kimarekani DEC yaliyokuwa yakielekea mashariki. Yalitoka Marekani kupitia Afrika Kusini. Mnaona ramani hiyo: nchi iliyokuwa chini ya vikwazo vya silaha inatumika kuvunja vikwazo vya wengine.

Kabla ya hapo, mwaka 1981, ofisa wa KGB Vladimir Vetrov alikuwa amewapa Wafaransa maelfu ya kurasa kuhusu kitengo kilichokusanya teknolojia za Magharibi. Orodha nzima ya walichotaka kuchukua ikawa mezani kwa walengwa wenyewe.

DEC wenyewe walijua wanapekuliwa. Kwenye chipu ya CVAX waliandika kwa herufi ndogo za Kisirili, kwa Kirusi kibovu, ujumbe wa kumtania yule atakayeifungua chini ya hadubini, kwamba akijali vya kutosha basi aibe kilicho bora. Mpiga Lehemu, ile hatua yako ya kupiga picha tabaka la juu ndipo mtu alipokutana na salamu hiyo.

#10 KadiTobo

Nimecheka peke yangu. Swali la mwisho: kuna namna ya kuona haya mambo leo bila kabati la tani moja?

#11 Chaneli Sifuri

Ipo. Programu ya Hercules inaiga 370 na za baadaye kwenye kompyuta ya kawaida, na mfumo endeshi wa 360 unaendeshwa humo. OS/360 MVT toleo 21.8 inapatikana huru. Kwenye faili ya usanidi weka kiweko 1052, kisoma kadi anwani 00C, kitoboa kadi 00D, printa 1403 anwani 00E, na diski za 2314. Ukizalisha mfumo kuna hatua mbili: ya kwanza ni assembla inayotema rundo la kadi za kazi, ya pili ni kuziendesha kadi hizo. Wengi hukwama ya pili kwa sababu anwani za vifaa kwenye kadi za hatua ya kwanza hazilingani na faili ya usanidi. Mfumo unaingia hali ya kusubiri, taa zimetulia, hakuna ujumbe. Angalia neno la hali ya prosesa, msimbo wa kusubiri uko kwenye biti za mwisho.

Ukishawaka, washa ufuatiliaji kwa kifaa kimoja cha diski na umwambie OS asome faili. Utaziona 07, 31, 08, 06 zikipita mbele yako, zilezile.

#12 KadiTobo

Nimeipakua. Imeingia hali ya kusubiri. Narudi kwenye anwani.